Surely si Hakika: Namna ya Kulitumia Neno Hili Bila Kujikwaa

Mwaka ule nilipofungua saiba, duka la intaneti na kupiga chapa barua, hapa Nakuru, hatua chache kutoka steji ya magari ya Njoro, aliingia mzee mmoja anayeuza viazi vya Mau Narok. Alikuwa amepata soko jipya, hoteli ya watalii, na aliyeshika ununuzi pale alikuwa mama Mwingereza ambaye Kiswahili chake kilianzia kwenye jambo na kuishia kwenye asante. Mzee akavuta kiti. "Kijana wangu, niandikie vizuri. Mwambie hakika Ijumaa namletea magunia 10." Nikapiga chapa bila kuinua kichwa: "Surely I will deliver ten bags on Friday." Tukatuma.

Jibu lilirudi mzee akiwa bado anapuliza chai. Maneno matatu: "Surely? Or definitely?"

"Anasemaje?" mzee akauliza. Nikanyamaza, kwa sababu hata mimi sikuelewa. Kamusi ilikuwa upande wangu: hakika ni "surely", nimekosea wapi? Mwishowe tukampigia simu. Mama akacheka, akaeleza kwamba sentensi yetu ilimfikia kama ya mtu anayejipa moyo. Ni kana kwamba tulimwandikia, "Jamani, Ijumaa si nitakuwa nimeleta?" Nani ataagiza viazi kwa mtu anayeongea hivyo?

Mzee alipata oda yake. Mimi nikabaki na lile neno. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia wateja wangu tangu siku hiyo, hasa wale wanaoandika Kiingereza cha kazi huku kichwani wanafikiri kwa Kiswahili. Na hao ni wengi wetu.

Hatua ya kwanza: jiulize kama unajua, au unataka mwenzako akubali

Kiingereza kina vielezi kadhaa vya kuonyesha uhakika, na tulipokuwa shuleni tuliviweka vyote kwenye kapu moja: hakika, kwa yakini, bila shaka, kwa kweli. "Surely" lilishatoroka kwenye kapu hilo zamani. Anayesema "certainly" anajua. Anayesema "surely" hajui. Anaamini, anatarajia, na anakutazama usoni akisubiri utikise kichwa. Mara nyingi kuna kitu mbele yake kinachompinga, na ndicho kilichomfanya aseme.

Tuseme umekutana na mtu mliyesoma naye shule ya msingi, pale sokoni Kibuye, Kisumu, naye anakupita kama mti. Unamwambia, "Surely you remember me?" Ungekuwa na hakika kwamba anakukumbuka, ungeuliza ya nini? Kwa Kiswahili hapo husemi "Hakika unanikumbuka." Unasema, "Jamani, si unanikumbuka?" Au umetazama ukutani ukashtuka: "Surely it's not five o'clock already!" Haiwezi kuwa saa kumi na moja imefika. Saa inasema imefika, wewe unakataa, na unataka mtu aliye karibu akatae pamoja nawe.

Kipimo changu ni hiki. Sema sentensi yako kwa Kiswahili kwanza, tena kwa sauti. Ikikubali kuanza na "jamani, si", au "haiwezekani", basi "surely" lina mahali. Ikitaka "hakika" au "bila shaka" kwa sababu unatoa ahadi au habari, tafuta neno jingine. "Jamani, si kuna matatu nyingine ya kwenda Molo?" inakubali: "Surely there's another matatu to Molo." Lakini "Bila shaka nitalipa deni langu tarehe 5" haikubali. Ukiandika "Surely I will pay on the fifth," anayekudai ataanza kuulizia mdhamini wako ni nani.

Sisi tuliolelewa Kisumu na Kijaluo mdomoni tuna njia ya mkato. "Adier" ni kweli. Ukiisema sauti ikishuka, unathibitisha. Ukiipandisha, unauliza: kweli jamani? Kiingereza kazi hizo mbili kimezigawa kwa maneno mawili, "certainly" na "surely". Mengine yote katika mwongozo huu yanatoka hapo.

Hatua ya pili: tenga surely ya mtaani na surely ya barua

Kenya tumelipa neno hili kazi ya ziada. Mvua imenyesha, kondakta anataka 100 kwa safari ya 50: "Surely, konda!" Mtoto amemwaga uji kwenye sare: "Aki surely." Fundi aliahidi nguo Jumatatu, leo ni Alhamisi na kitambaa hakijakatwa: "But surely, fundi." Hakuna kitenzi, sentensi haijakamilika, na kila mtu ameelewa. Ni "jamani" iliyovaa suti.

Wala sioni aibu nalo. Limechipuka kwenye shina lilelile la kumtaka mwenzako akubali kwamba jambo hili haliko sawa. Mwingereza naye husema "Surely not!" peke yake anaposikia asichoamini. Yeye analitumia kutilia shaka, sisi tumelisogeza mbele kidogo likawa la kulalamika. Lugha inayosemwa kila siku haikai pale ilipowekwa.

Shida ni pale malalamiko yanapopanda kwenye barua bila mwenyewe kujua. Dada mmoja aliniletea barua ya kumdai mwenye nyumba pesa alizoweka siku ya kuingia. Ilianza hivi: "Surely, I moved out two months ago." Alichotaka kusema ni kwamba ni kweli alihama miezi miwili iliyopita. Kilichosomeka ni ngumi mezani, kabla hata mwenye nyumba hajajua anadaiwa nini. Tukaliondoa neno, tukaanza na tarehe aliyohama. Barua ikabaki na nguvu zake zote na heshima juu.

Kwa hiyo, ukimwandikia mtu unayemdai, anayekudai, au anayeweza kukuajiri, "surely" lisianze sentensi yako. Mtaani endelea.

Hatua ya tatu: chagua la kuweka badala yake

"Certainly" ni neno lenye adabu zake. Likisimama peke yake ni jibu la mhudumu aliyefunzwa: "Can I see the room?" "Certainly." Ni "naam, karibu". Kwenye barua rasmi halitakuangusha.

"Definitely" ni la aliyekata shauri. Ndani yake mna neno la Kilatini "finis", yaani mwisho au mpaka, nami hulichukulia kama shamba lililokwisha kupimwa na kuwekwa bikoni: hapa ndipo, hakuna mjadala. "I will definitely be there on Monday." Linapenda mazungumzo na baruapepe kuliko hati za wakili, lakini kwa ahadi ya kazi ndilo ningemwekea mzee wa viazi, na ndilo yule mama alilokuwa akilitafuta.

Nisimame hapa kidogo, maana tahajia ya neno hili imeniletea vicheko na hasara. Wengi huliandika na herufi a katikati, "definately", kwa kuwa sikio halisikii tofauti. Ufunguo ni "finite". Andika "finite" kwanza, mtangulize "de", mfuatishe "ly", hutakosea tena. Usipofanya hivyo na ukakosea vibaya, simu itajifanya inakusaidia na kukuwekea "defiantly". Kijana mmoja wa Kaptembwa alimwandikia mwajiri kwa simu yake usiku: "I will defiantly attend the interview." Nitahudhuria mahojiano kwa ukaidi. Asubuhi alikuja kwangu na uso umemshuka, akiuliza kama kuna namna ya kuirudisha barua iliyokwisha kutumwa. Hakukuwa na namna. Tulimwandikia mwajiri mstari mmoja wa kusahihisha, na aliitwa.

"Of course" linahitaji tahadhari kubwa zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mtu akiomba ruhusa, "May I use your pen?", "Of course" ni ukarimu: chukua tu. Lakini akikuuliza habari, "Do you have your ID card?", jibu hilohilo linageuka kuwa "Kwani wewe ulifikiri sina?" Askari wa getini hapendi kujibiwa hivyo. Mpe "Yes, here it is" na mambo yaishe. "Obviously" ni kaka yake mkali. Humwambia msomaji kwamba jambo liko wazi na yeye ndiye haoni. "Sure" ni "sawa" ya vijana, nzuri kwa rafiki na kwa bosi mliyezoeana.

Hatua ya nne: liweke mahali pake katika sentensi

Kiswahili kinapenda kumalizia na mkazo: nitakuja kabisa, sitaki kabisa, ni yeye hasa. Ndiyo maana wengi wetu huandika "I will come definitely." Si kosa la kufungwa, ila mzawa wa lugha angelitia katikati: "I will definitely come." Linakaa baada ya kitenzi kisaidizi na kabla ya kitenzi chenyewe. Kukiwa na "is" au "are" peke yake, linakaa baada yake: "She is certainly the best tailor in Bondeni."

Kukanusha ndiko kunakowaangusha hata waliosoma. "Sitachelewa kabisa" si "I won't definitely be late." Sentensi hiyo inaacha mlango wazi: si hakika kwamba nitachelewa, lakini huenda. Sema "I definitely won't be late." Kielezi kitangulie, ukanushi ufuate. Vivyo hivyo, "Certainly not" ni "hata kidogo", mlango umefungwa. Ukitaka "si lazima", Kiingereza kina "not necessarily". "Not surely" iache kabisa, haifanyi kazi yoyote kati ya hizo.

"Surely" lenyewe lina tabia zake. Linapenda kuanza sentensi, au kusimama mwisho baada ya mkato: "You've met my brother, surely?" Na hata ukiweka alama ya kuuliza, maneno hayageuzwi. "Surely are you coming?" ni kosa ninalolifuta karibu kila wiki, andika "Surely you are coming?" Umbo ni la taarifa, mashaka yamo kwenye sauti. Nami nisingeweka mkato baada yake likiwa mwanzoni, kwa sababu mkato huo ndio unaolirudisha stejini kwa kondakta.

Hatua ya tano: itambue maana ya zamani

Sasa mtu ataniuliza, na wameniuliza: mbona kanisani tunasoma "surely" kwa maana ya hakika? Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini tulijifunza neno hili vibaya.

"Sure" liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani, nacho kililipata kwenye Kilatini "securus", yaani bila wasiwasi. Hapo zamani "surely" lilikuwa imara kama jina lake. Biblia ya King James ya mwaka 1611 ndiyo inayosema "Surely goodness and mercy shall follow me", na Kiswahili cha Union Version kimetafsiri kwa haki, "Hakika wema na fadhili zitanifuata". Mtu aliyejifunza Kiingereza chake kwa Zaburi ya 23 hakudanganywa. Alifundishwa Kiingereza cha miaka 400 iliyopita.

Kuna mahali pengine panaponifurahisha zaidi. Katika Mwanzo 2:17, Adamu anaambiwa "thou shalt surely die", kwa Kiswahili "utakufa hakika". Kiebrania cha asili hakina kielezi pale. Kinarudia kitenzi mara mbili, kama kusema kufa utakufa. Na sisi hiyo tunayo! Bibi yeyote wa Kondele au wa Mumias atakuambia "kuja atakuja", bila kuhitaji hakika wala yakini. Kiswahili kingeweza kuandika "kufa utakufa" na kuwa karibu na Kiebrania kuliko Kiingereza kilivyo.

Lakini sikiliza tunavyoitumia siku hizi. "Kuja atakuja, ila pesa hana." "Kusoma nimesoma, kazi ndiyo sijapata." Ukisikia mtu ameanza hivyo, unaisubiri "lakini". Kilichokuwa cha kutilia mkazo kimekuwa cha kukubali nusu. "Surely" limepita njia ya namna hiyo: lilianza kama nguzo, likaishia kuwa swali. Sikuwahi kuliona hivyo mpaka siku nilipokuwa nikimweleza mteja na nikajisikia mwenyewe nikisema "kueleza nimekueleza".

Maana ya zamani bado iko hai katika msemo mmoja wa kila siku, "slowly but surely": polepole lakini bila kukosa. Nyumba ya Lanet inayopandishwa mistari mitatu ya mawe kila mwisho wa mwezi, hiyo ndiyo "slowly but surely". Hapo litumie bila hofu.

Hatua ya sita: jaribu kuliondoa

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo watu wanaipuuza. Linganisha: "He is at home" na "He is definitely at home." Ipi ina uhakika zaidi? Wengi watachagua ya pili. Lakini anayemwona jamaa ameketi sebuleni husema ya kwanza. Ya pili ni ya aliyeona taa inawaka, au anayebishana na mtu. Kiswahili kiko vilevile: "Yuko nyumbani" ni habari, "Lazima yuko nyumbani" ni makisio. Neno la uhakika mara nyingi huja kuziba pengo, na msomaji makini huliona pengo kabla ya kuliona neno.

Basi ukimaliza barua, pitia vielezi hivi kimoja kimoja na kukifunika kwa kidole. Sentensi ikisimama, kiondoe. Mahali pake weka kitu ambacho msomaji anaweza kukikagua: siku, saa, idadi. Barua za mzee wa viazi siku hizi husema "I will deliver ten 50 kg bags on Friday before 9 a.m." na hazina kielezi cha uhakika hata kimoja. Kumbuka tu kugeuza saa: tisa yao ni tatu yetu. Niliwahi kuisahau, na lori likafika Naivasha saa tisa mchana badala ya saa tatu asubuhi. Hilo nitalieleza siku nyingine, bado linaniuma.

Kuhusu matamshi, kwa kifupi

Herufi s ya "surely" husomwa sh, kama ya "sugar". Kijaluo hakina sauti ya sh, nami nilifika kidato cha kwanza nikisema "suali" na kuchekwa na darasa zima. Dawa yangu ilikuwa maneno ya Kiswahili: shuka, shule, shule, shuka, njia nzima ya kwenda kuteka maji. Ukiweza kusema shule, "surely" umeshaliweza nusu. Sauti ipande kidogo mwisho wa sentensi, kwa kuwa unauliza hata kama hujakiri.

Mazoezi

Sentensi hizi nne zimepita mezani kwangu. Zisahihishe kabla ya kusoma majibu.

"Surely, I have attached my certificates."
"Surely the office doesn't close at three?"
"I won't definitely disappoint you."
"Surely God will bless you for your help."

Ya kwanza, ondoa neno. Vyeti ama vimeambatishwa ama havijaambatishwa, na atakayefungua faili ataviona. Ya pili ni sahihi kabisa, iache: mtu amefika saa tisa na dakika tano, mlango umefungwa, haamini macho yake. Ya tatu, kielezi kitangulie: "I definitely won't disappoint you", ingawa mimi ningemshauri aeleze alichowahi kufanya badala ya kuahidi. Ya nne iliandikwa na mama mmoja wa Bahati akimshukuru mfadhili aliyemsomesha mwanawe. Nilikuwa nimeshainua kidole kuifuta, kisha nikakumbuka neno hilo mama amelitoa wapi. Nikaipiga chapa kama ilivyo.